Kengele Imelia, Mama Mkwe Hayuko

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa nimesimama mbele ya duka la chai mtaani Bondeni, hapa mjini, nikipuliza kikombe ambacho mwenye duka hukijaza mpaka ukingoni ili mteja asipate pa kulalamikia. Dereva wa lori la maziwa alisimamisha gari katikati ya barabara, kama afanyavyo kila siku bila kujali nani anapiga honi nyuma yake, akateremsha kioo na kuniita. "Karani!" Mimi si karani tena, huu mwaka wa tano sasa, lakini watu wa upande wa Njoro hawajaipokea habari hiyo. "Karani, yule mzee wa Wako Wote ametuacha. Juzi, saa ya kukamua. Mkewe anasema mazishi ni kesho na wewe usikose." Akatia gia, akaenda zake, mikebe ikigongana nyuma, nami nikabaki na chai nisiyoweza tena kuinywa. Nililia, msomaji wangu, na sioni haya kukwambia. Halafu njiani nikajikuta nacheka peke yangu hadi watu wakanipisha, maana sijapata kumkumbuka marehemu yule kwa dakika mbili mfululizo bila kucheka.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii haitaji watu kwa majina. Ng'ombe, hata hivyo, hawajawahi kumpeleka mhariri kortini, kwa hiyo majina yao nitayataja bila hofu. Marehemu alikuwa mchungaji mkuu katika shamba la mzungu mmoja, huko nyanda za juu zilizo kati ya Njoro na Molo, mahali ambapo pareto huchanua nyeupe na baridi ya asubuhi humfanya mtu aufikirie upya ukristo wake. Kwao ni upande wa Baringo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa koti kuukuu la jeshi ambalo kila kifungo chake kilitoka katika nguo nyingine. Mimi nilikuwa karani wa shamba hilo kwa miaka sita, na katika miaka hiyo yote, kila jioni ng'ombe walipoingia bomani, mzee alisimama kando ya lango mikono mgongoni, akawatazama wakipita, na wa mwisho alipoingia akasema maneno mawili tu: "Wako wote." Hakuhesabu hata siku moja. Kwao kuhesabu kitu chenye uhai ni mwiko. Anayehesabu anamwonyesha kifo pa kuanzia. Hata nyanya yangu, ambaye si wa kabila lake, angekufukuza jikoni na mwiko wa ugali kama angekuona unanyoosha kidole na kuhesabu wajukuu.

Tabia hiyo ilinitesa sana mimi niliyekuwa nakula kwa nambari. Mara moja nililetewa fomu za kuandikisha wafanyakazi na familia zao, nikamketisha mzee mbele ya meza yangu. "Watoto wako wangapi?" nikamuuliza. Akajibu, "Wako wote." Nikamwambia serikali inataka kujua wote ni wangapi. "Wote ni wote, karani. Hakuna aliyebaki nje." Nikabembeleza, nikatisha, nikampa sigara. Mwishowe akakubali kunitajia mmoja mmoja, naye hakutaja tu. Alieleza nani huota ndoto kwa sauti, nani anaogopa mabata, nani alizaliwa siku mvua ya mawe ilipoharibu ngano, nani anafanana na shangazi yake akikasirika. Saa nzima ilipita. Mimi chini ya meza nilikuwa nakunja vidole kwa siri, mpaka akainama ghafla akanikamata. "Karani, mtoto wa mtu si kuku wa sokoni!" alisema, na alikasirika kweli. Nambari niliyoiandika katika fomu ile ilikuwa ya kubahatisha, na kama kuna afisa yeyote anayesoma safu hii, basi ukweli ndio huo.

Wakati huo sikumwona kuwa mtu wa hekima. Nilimwona mtu wa zamani, mwema, anayechekesha, ambaye dunia ingempita muda si mrefu. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya misheni na cheti changu cha hesabu, na niliamini kwa dhati kwamba kufikiri ni kuhesabu, tofauti ni ukubwa wa nambari tu. Kwa hiyo mwenye shamba alipoleta mashine yake, katika mwaka wa kwanza wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali, hakuna aliyeifurahia kunishinda.

Ilikuwa mashine ndogo iliyofungwa kwenye nguzo ya lango la boma. Ilikuwa na mkono wa chuma uliotokeza njiani. Ng'ombe akipita, ubavu wake uliusukuma mkono, mkono ukajirudi wenyewe, na ndani ya kisanduku chenye kioo nambari ikasonga mbele. Lakini uhondo wenyewe ulikuwa kengele. Uliitega kwa idadi unayotaka, na kundi letu lilikuwa la ng'ombe mia moja na arobaini. Wa mia na arobaini akipita, ngriii! Mwenye shamba alituita sote siku ya kwanza akakipigapiga kisanduku kwa mapenzi. "Hii iko na akili," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Hapana choka, hapana kunywa pombe, hapana sema uongo." Alipofika kwenye pombe alimtazama mpishi, na alipofika kwenye uongo alinitazama mimi. Nilipewa kazi ya kuitia mafuta kila Jumamosi, nami nikaitunza kuliko baiskeli yangu. Mzee aliizunguka mara mbili, akaisikiliza, akaipa jina la Bwana Kengele. Jioni ile kengele ilipolia, alinyamaza kidogo kwa adabu kama mtu anayemwachia mgeni amalize kusema, kisha akasema, "Wako wote."

Huo mdomo wake wa kuongeza neno juu ya kengele ulimchosha mwenye shamba. Siku hizo wezi wa mifugo walikuwa wengi, na kila shamba lilitakiwa kujua usiku ng'ombe wake wako wapi. Mzungu aliona kwamba mchungaji anaidharau mashine yake mbele ya wafanyakazi. Akamwambia waziwazi, mimi nikitafsiri: siku utakayonisumbua kwa jambo ambalo mashine imekwisha kulithibitisha, utafunga vitu vyako. Nilitafsiri kwa sauti ya upole lakini maneno hayakuwa na upole wowote. Kufunga vitu kwa mzee maana yake ilikuwa kuondoka na mke, watoto, ng'ombe wake wanne na kibanda alichokijenga kwa mikono yake, kwenda barabarani katika miaka ambayo mtu asiye na barua ya mwajiri aliweza kulala mahabusu kabla ya jua kuzama. Mzee aliitikia kwa kichwa, akasema amesikia.

Haikupita hata miezi miwili. Jioni moja, jua likiwa bado kiganja kimoja juu ya vilima, ng'ombe walikuwa wanaingia. Katika kundi alikuwemo jike mmoja mwekundu aitwaye Tingisha, mjanja na mwenye kujikuna sana. Tingisha alikuwa amegundua kwamba mkono ule wa chuma unafika mahali pa mgongo ambapo hapafikiwi na mti wowote. Jioni hiyo alipita, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akajikuna kwa raha macho yamefumbwa, kisha akapita tena. Nilimwona kwa macho yangu. Nilicheka, na sikufikiri lolote zaidi. Baadaye kidogo, ngriii! Mia moja na arobaini. Nikaandika katika kitabu changu kwa mwandiko mzuri, nikafunga kofia ya kalamu.

"Hawako wote," mzee akasema.

Nilidhani anatania. "Mzee, kengele imelia."

"Kengele imelia. Mama Mkwe hayuko."

Mama Mkwe alikuwa ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kifuani, mwenye mimba kubwa, aliyeitwa hivyo kwa sababu akikutana na mwanamume langoni aligeuza uso pembeni kwa heshima, kama mama anayempisha mkwewe njiani. Nikamwambia ametazama vibaya. Akasema hapana. Nikamwambia basi kesho asubuhi tutaona. Akasema kesho asubuhi tutaona mifupa. Ndipo nikamkumbusha, kwa sauti ya chini, alichoambiwa juu ya kufunga vitu. Mzee alilitazama boma, akaitazama nyumba kubwa ya mzungu, akatazama moshi uliokuwa unatoka kibandani kwake ambako mkewe alikuwa anapika. Halafu akasema, "Twende, karani. Wewe utakuwa shahidi yangu. Kama yuko ndani, mimi nimefunga vitu. Kama yuko nje, wewe utamwambia Bwana."

Sikuwa na haja ya kwenda. Nilikwenda kwa sababu, na hili ndilo jambo linaloniaibisha, nilitaka kuona Bwana Kengele akishinda. Tulipita josho, tukateremka kwenye vichaka vya leleshwa, mzee akienda mbele bila kuhangaika huku na huku kama mtu anayetafuta. Alikwenda moja kwa moja, kama mtu anayerudi mahali alipoacha kitu. Nilimuuliza anajuaje njia. Alisema asubuhi Mama Mkwe alikataa chumvi, akamtazama usoni. "Hajawahi kunitazama usoni. Nikajua leo ana siri." Tukalikuta korongo, na chini ya korongo tukamkuta Mama Mkwe amesimama, kichwa chini, akimlamba ndama aliyekuwa bado majimaji. Ng'ambo ya pili walikuwa wameketi fisi wawili, watulivu, kama wageni waliofika mapema chakula kikiwa bado jikoni. Mzee aliwarushia jiwe na tusi la kwao, wakaondoka wakinung'unika. Kisha akavua koti lake la vifungo vya ukoo mchanganyiko, akamfunga ndama, akanibebesha mimi niliyevaa shati jeupe.

Njiani, nikiwa natota, nilimuuliza tena alijuaje kwamba mmoja hayuko na hakuhesabu. Aliniangalia kwa huruma ya kweli. "Karani," akasema, "wewe ukirudi kwenu ukaingia nyumbani, unahesabu watu ndio ujue mama yako hayuko?" Nimesoma vitabu kadhaa tangu siku ile, na vingine vilikuwa vinene. Sijakutana na swali lililonikalisha chini kama hilo.

Tulifika langoni jua likiwa linagusa kilima. Mwenye shamba alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, amekwisha kuambiwa kwamba mchungaji na karani wameonekana wakielekea msituni. Mama Mkwe akapita, akageuza uso, mkono wa chuma ukasogea: mia moja arobaini na moja. Nikapita mimi na ndama kifuani, mkono ukanigusa kiunoni, ukanihesabu: mia moja arobaini na mbili. Akapita mzee: mia moja arobaini na tatu. Mzungu alisoma kile kioo, akamtazama ndama, akanitazama mimi na shati langu, na uso wake ukabadilika rangi mara kadhaa. Nilitekeleza ahadi. Nilimweleza yote, pamoja na Tingisha na mgongo wake, na kwamba nilimwona nikacheka. Wakati nikieleza, mzee aliniinamia sikioni. "Karani, sasa na wewe umeandikwa ng'ombe ya Bwana," akasema, akaangua kicheko kilichomtoa machozi, nami nikashindwa kujizuia nikamwaga kicheko mbele ya mwajiri wangu, ndama akilia katikati yetu. Mwenye shamba hakuomba msamaha, wazungu wa mashamba hawakuwa na desturi hiyo. Alisema tu, "Wewe endelea angalia." Wiki iliyofuata mkono ule ulifungwa kwa waya usiguse njia, na kabla mwaka haujaisha kuku mmoja alikuwa anatagia juu ya kisanduku. Mzee akalitazama boma lililojaa, akaniambia bila kuulizwa, "Sasa wako wote."

Miaka ikapita, nikaacha ukarani, nikaja mjini kuandika. Wengi wenu mlikuwapo Jumamosi ile alasiri tulipofanya mdahalo katika ukumbi wa Bondeni, baada ya magazeti kueleza kwamba huko ng'ambo wametengeneza ubongo wa umeme, mkubwa kama nyumba, unaopiga kwa dakika moja hesabu ambazo mtu angezipiga kwa mwaka. Mada ilikuwa kama ubongo huo siku moja utafikiri kama mtu. Msemaji mkuu wa upande wa kukubali alikuwa dresa mmoja wa hospitali, yaani mfunga vidonda, kijana hodari, mwenye miwani na mantiki, na ninamheshimu. Alituambia kwamba akili ya mtu ni ubongo wake na hakuna zaidi, na kwamba kinachofanywa na nyama kinaweza kufanywa na chuma. Marehemu alikuwa amekuja mjini kununua chumvi ya ng'ombe, nami nikamburuta hadi ukumbini. Aliketi mstari wa nyuma, mfuko wa chumvi kati ya miguu. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alikuwa na kengele ya mezani ya kuwakata wasemaji, na mzee aliitazama kengele ile kwa jicho ambalo ukumbi mzima mimi peke yangu nililielewa.

Wasikilizaji waliporuhusiwa kusema, akainuka. "Mimi nimechinja ng'ombe wengi," alianza, na watu wakacheka. "Ubongo nimeshika na hii mkono. Ni laini, ni nyeupe, kama uji imelala. Nimeangalia sana ndani. Sijaona hapo njia ya kwenda mtoni. Sijaona hapo mtoto wake. Na hiyo ng'ombe jana ilikuwa inajua njia, ilikuwa inajua mtoto. Sasa nyinyi mnaniambia mtatengeneza uji ya chuma. Sawa. Lakini hata hii ya nyama, nani ameelewa?" Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Dresa hakubabaika, na hapo ndipo mdahalo ulipokuwa mtamu. Alisimama akasema kwa adabu, "Mzee wangu, nakubali hujaona njia ndani ya ubongo. Lakini mimi nimemhudumia mtu aliyeangukiwa na mti kichwani. Alipoamka hakumjua mke wake. Ukiharibu ubongo, unaharibu akili. Sasa akili itakuwa wapi kama si humo?"

Watu wakamgeukia mzee wakingoja ashindwe au ashinde. Yeye akafikiri, muda mrefu kiasi kwamba mwenyekiti aliisogelea kengele. "Hapo umesema kweli, daktari," akasema mwishowe, akimpandisha cheo kijana wa watu. "Kibuyu ikivunjika, maziwa inamwagika. Mimi siwezi kukataa. Lakini niambie, huyo mtu alipoangalia bibi yake na hamjui, alifanya nini?" Dresa akavua miwani. "Alilia," akasema. "Alilia kwa sababu gani, na hamjui?" mzee akamuuliza. Akamalizia polepole, akiinua mfuko wake wa chumvi kwa sababu lori halingemngoja. "Alijua kuna mtu hapa anafaa kumjua, na hayuko ndani. Sasa hiyo chuma yenu ikisahau, italia? Mimi nilikuwa na chuma kama hiyo. Mama Mkwe alikuwa korongoni na fisi wawili, na chuma ikapiga kengele ya furaha."

Kura zikapigwa kwa kuinua mikono, zikatoka sare. Mwenyekiti akagundua kwamba mzee wa nyuma hakuinua wake. Akaombwa. Akakataa katakata, akasema hatahesabiwa kama mbuzi wa kodi, akatoka nje kwenda kutafuta lori lake. Mwenyekiti akalazimika kutumia kura yake ya uamuzi, akaupa upande wa mashine. Kwa hiyo rasmi, katika kitabu cha kumbukumbu cha ukumbi wa Bondeni, imeandikwa kwamba mashine itafikiri kama mtu, na imeandikwa hivyo kwa sababu mtu aliyeishinda hoja hiyo alikataa kuwa nambari.

Nimeifikiria sana siku ile, na sitaki kumfanyia marehemu ushabiki ambao yeye mwenyewe asingeutaka. Mashine zitaendelea. Sina shaka zitahesabu, zitapanga, zitajibu barua, na huenda siku moja zikaandika safu kama hii, na mhariri wangu atafurahi kwa kuwa hazitachelewa wala kudai chai. Zitasema "pole kwa msiba" bila kosa hata moja la tahajia. Lakini Waswahili wanasema asiyekuwepo na lake halipo, na kwa mashine methali hiyo ni sheria: kisichopita langoni hakipo. Marehemu aliiishi methali hiyo kinyume chake. Kwake yeye asiyekuwepo ndiye aliyejaza boma zima. Ng'ombe mia na zaidi walisimama mbele yake, na yeye alimwona yule mmoja tu ambaye hakuwapo, akamwona kwa uchungu, na kwa ajili ya uchungu huo akaweka rehani kibanda chake, ng'ombe wake na usingizi wa watoto wake. Nadhani huko ndiko kufikiri kunakoanzia. Hesabu huja baadaye, na mara nyingine huja ikiwa imekosea.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga. Dresa yule, ambaye tangu mdahalo alikuwa haachi kunisalimia na kuniuliza habari za mpinzani wake, aliomba tufuatane kwenda kumwona. Tulimkuta ameketi juani nje ya kibanda, nusu ya uso imelala, na majina yote yamemtoka: ya watoto, ya ng'ombe, la mkewe. Kila kitu kilikuwa "huyu." Dresa akanitazama, akasema kwa sauti ndogo na bila furaha yoyote ya ushindi, "Unaona? Ni ubongo." Nikasema naona, maana nilikuwa naona. Ndipo mzee akanikazia macho. Alihangaika, mdomo ukitafuta na kukosa, mkono wake mzima ukanyooka hadi kiunoni kwangu, mahali pale pale palipoguswa na mkono wa chuma, akaniminya, akasema, "Ngriii!" Kisha akacheka kwa ile nusu ya uso iliyobaki, akacheka mpaka machozi, na sisi wote tukacheka naye, mkewe akishikilia ukuta. Jina langu halikuwapo tena. Mimi nilikuwapo. Tulipofika barabarani dresa akasema, "Hii sijui niiweke wapi." Namheshimu zaidi kwa sentensi hiyo kuliko kwa mantiki yake yote.

Basi Jumatano nilikwenda kumzika. Watu walikuwa wengi, wa shambani na wa mjini, na dereva wa lori alikuja na lori lenyewe. Watoto wale aliokataa kunitajia kwa idadi walikuwa wamekua. Nilimtambua aliyeogopa mabata, na nilimtambua anayefanana na shangazi, kwa sababu alikuwa amekasirika na mchimba kaburi. Baada ya mazishi tuliketi kula. Mama wa nyumba, mwanamke ambaye kwa miaka yote ile alipopakua chakula aliuliza swali moja tu, na mumewe akalijibu kwa maneno yake mawili, alisimama mlangoni na upawa mkononi. Mazoea ni mazoea. "Mko wote?" akauliza. Mikono ikasimama juu ya sahani. Yeye mwenyewe aliposikia alichouliza, aliuweka upawa chini taratibu. Kisha akatikisa kichwa, akatabasamu, akasema, "Haya, kuleni. Yeye mwenyewe angesema hawako wote, halafu angetafuta fimbo aende kumtafuta."

Msomaji wangu, leo jioni ukirudi kwako, fanya kama alivyofanya marehemu. Usiwahesabu watu wako. Simama kidogo mlangoni, mikono mgongoni, uwatazame mmoja mmoja wakiingia, mpaka umjue kila mtu kwa namna ambayo siku asipokuwapo hutahitaji kengele kukuambia. Mimi nilirudi nyumbani na vumbi la Njoro viatuni, na mke wangu, anayejua aliolewa na karani, aliniuliza watu walikuwa wangapi mazishini. Nilisimama, nikatafuta nambari, sikuipata. Nilimwambia hatukuwa wote.